Ngozi Mbichi kwenye Gari la Kijani

Jiwe likirushwa na tairi halitoi mlio unaoutarajia. Halilii kama bati. Ni kitu kidogo tu, tik, kama mtu ametema mbegu ndani ya sufuria, na rangi imeshakwenda. Nilipaka magari rangi hapa Isiolo tangu nilipomaliza kidato cha nne hadi mikono ilipoanza kutetemeka, na mlio huo ndio ulionilisha. Zamani, kabla ya lami, malori ya Moyale yalifika karakana na nyuso zenye matundu kama watu waliougua ndui. Nilikuwa nikiyafurahia. Kila tundu lilikuwa unga wa ugali.

Uzeeni mlio huo ukanigeukia. Nikawa nikiusikia nikiwa kanisani, nikiwa naoga, nikiwa nimekaa na watu wanaozungumza mambo mengine kabisa. Nilikuwa na gari moja tu la kuogopea, na sasa lilikuwa linataka kupelekwa kwenye mawe kwa makusudi.

Gari lenyewe lilikuwa la mke wangu. Alikuwa mwalimu wa watoto wa madarasa ya chini katika shule moja ya Wabera, na alichoka kufika darasani na vumbi mdomoni. Aliponunua gari lilikuwa na rangi ya jivu. Akasema yeye hapandi jivu. Asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha usiku, alikuja karakana ameshika tawi la mti wa mswaki, akaliweka juu ya meza yangu ya kuchanganyia rangi.

"Nipe hii," akasema.

"Hii ni jani."

"Najua ni jani. Mimi ni mwalimu."

Jani halina rangi moja. Nilianza na kijani, nikatia manjano, nikatia nyeusi kidogo kwa ncha ya kijiti, na kila nilipokaribia, jani lilikuwa limenyauka kidogo na kuhama. Hadi saa sita lilikuwa limejikunja, nami nilikuwa nikifuata kitu ambacho hakikuwepo tena mezani. Mwishowe nikapaka kifuniko cha mkebe, nikampa. Alitoka nacho juani, akainamisha kichwa upande mmoja jinsi alivyofanya akisahihisha kazi ya mtoto. "Hapo," akasema. "Usiguse tena."

Sikuandika chochote. Sikupima chochote. Fundi wa wakati wetu alikuwa na macho, na macho yalitosha. Rangi yote iliingia kwenye gari, na iliyobaki kwenye mkebe niliikwangua nikaimalizia kwenye kona za milango. Kwa hiyo kijani kile kilikuwa pale tu, juu ya gari lile, na hapakuwa na njia ya kukipata tena duniani.

Alipofariki, nililiegesha gari uani kwetu Bulla Pesa, karibu na lango, mahali ambapo yeyote anayepita angeliona. Kila Jumapili baada ya ibada nililiosha. Niliwasha injini, nikaisikiliza, nikaizima. Sikuliendesha. Sikumpa mtu.

Serikali za kaunti zilipoanza, binti yetu aliacha kazi Nairobi akarudi nyumbani, akaajiriwa kwenye idara ya maji. Alikuwa akizunguka na gari la kazi kutoka kisima hadi kisima, mara nyingine hadi Kinna, na Jumamosi alikuwa akichukua ufunguo wa gari la mama yake kutoka kwenye msumari ukutani bila kuniuliza.  Mama yake alikuwa amemwachia yeye, si mimi. Hilo lilisemwa hospitalini nikiwa nasikia.

Halafu vijana wa mji na wafanyakazi wenzake wakaanzisha mashindano ya magari kwenye uwanda ulio kando ya barabara ya Kinna. Walipanga mapipa yaliyopakwa chokaa, wakachora njia ya mviringo kwenye changarawe, na magari yalitoka mawili mawili. Wa mbele anakula upepo. Wa nyuma anakula mawe.

Aliniambia tukiwa tunakunywa chai.

"Baba, Jumamosi ya wiki ijayo naingia mashindano."

"Na gari gani?"

"Ya Mama."

"Ya Mama haina haja ya kushinda mtu."

"Mimi niko na haja."

Nikamweleza kuhusu mawe. Nikamweleza kwamba jiwe dogo ni baya kuliko kubwa, kwamba tairi la gari lako mwenyewe linarusha mawe kwenye milango yako mwenyewe, kwamba pua ya boneti huliwa kwanza, kisha bampa, kisha sehemu ya chini nyuma ya magurudumu. Aliniacha niseme yote. Kisha akaweka kikombe chini.

"Baba, unaogopa mimi nianguke ama rangi ianguke?"

Nilichelewa kujibu. Nikisema leo kwamba niliogopa yote mawili nitakuwa nimesema kweli, lakini siku ile nilichelewa, naye aliuona ule uchelewaji. Akainuka akaenda kuosha vikombe.

Hata hivyo hakunipuuza. Wiki iliyofuata alikuja na karatasi ya plastiki iliyoviringishwa, angavu kama maji, yenye gundi upande mmoja. Alikuwa amemwagiza mtu Nairobi. Akanionyesha: unaosha gari hadi lisibaki na punje ya mchanga, unanyunyiza maji ya sabuni, unalaza karatasi, unasukuma maji yatoke kwa kipande cha mpira. Jiwe likija linapiga plastiki. Plastiki ikichoka unaibandua, rangi iko palepale.

Niliigusa gundi ile kwa kidole gumba. Nikakumbuka mlango wa mteja mmoja niliowahi kuubandika selotepu ya kuzuia rangi, nikaenda kula chakula cha mchana, nikarudi nikaibandua ikatoka na ngozi ya mlango mzima. Jua la Isiolo linapika gundi kama linavyopika kila kitu.

"Hii itang'oa," nikasema.

"Hii si selotepu, Baba."

"Gundi ni gundi."

Alhamisi alipigiwa simu: pampu ya kisima imekufa Kinna na ng'ombe wamesimama wanangoja maji. Akapakia vifaa vyake. Alikuwa harudi hadi Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya mashindano. Akaniwekea karatasi mezani.

"Utanisaidia uiweke? Boneti, bampa, na chini ya milango. Hiyo tu."

"Nitafanya."

"Usiniambie nitafanya na sauti hiyo."

"Ni sauti yangu. Sina ingine."

Akacheka, akaenda.

Ijumaa asubuhi niliosha gari vizuri. Hilo nililifanya. Kisha nikachukua karatasi, nikaifungua kidogo, nikaifunga. Nikatoka hadi langoni. Nikarudi. Nikakaa kwenye kiti, nikainuka kabla kiti hakijapata joto. Nikalizunguka gari upande wa kulia, halafu upande wa kushoto, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Niliuona mkono wangu ukibandua plastiki ile na kijani cha mke wangu kikining'inia upande wa pili kama ngozi ya kidonda. Sikuweza.

Hapo ndipo nilipokumbuka malori.

Madereva wa njia ya Moyale walikuwa na ujanja wao. Waliokuwa wakibeba mifugo walifunga ngozi ya ng'ombe mbele ya lori, kutoka chini ya kioo hadi kwenye bampa. Jiwe likipiga ngozi halina nguvu tena, linaanguka kama limepiga mto wa kulalia. Nilikuwa nimeyaona malori hayo mara nyingi yakipita mbele ya karakana bila kusimama, kwa sababu hayakuwa na haja nami. Nilijiambia: kilichozuia mawe ya Moyale kitashindwaje na changarawe ya Kinna? Na ngozi haina gundi.

Nikaenda kwa rafiki yangu. Ni Mborana, mkubwa wangu kidogo, aliyeendesha lori njia hiyo kwa miaka mingi, na sasa anauza ngozi katika kibanda karibu na machinjio. Nilimkuta akitandika ngozi mbichi na kuzimwagia chumvi ili zisioze.

"Salaam aleikum," akasema, ingawa anajua mimi ni mtu wa kanisa. Nami hujibu, "Aleikum salaam," kwa sababu tumesalimiana hivyo tangu nywele zetu zilipokuwa nyeusi.

"Nipe ngozi moja kubwa," nikasema.

"Ya nini?"

Palikuwa na jibu rahisi. Lakini nilikuwa fundi wa rangi anayejulikana mji mzima, na nilikuwa nimekuja kumuuliza dereva namna ya kulinda rangi. Nikaona haya.

"Ya kukalia," nikasema.

Akaacha kumwaga chumvi. "Wewe? Ukalie? Abbo, ndugu yangu, sijakuona umekaa tangu tujuane. Hata kwa matanga unatembea."

"Nimezeeka."

"Haya, chukua. Ukikaa nipigie simu nije nione."

Niliitumbukiza ngozi kwenye pipa la maji ili ilainike. Niliisukasuka mara mbili tatu, nikaona maji yamekuwa machafu, nikasema chumvi imetoka. Nikailaza juu ya boneti, manyoya nje, nyama ndani, ikashuka mbele hadi kwenye bampa. Nikaikata mahali pa taa na mahali pa kupitisha hewa ya injini. Nikaifunga kwa kamba za ngozi ileile chini ya bampa na pembeni. Ilikaa vizuri kama shuka la kitanda. Nilirudi nyuma nikaitazama, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikakaa chini, nikanyoosha miguu.

Saa nane jua lilikuwa limeishika. Ngozi ikaanza kulia. Kwanza pole pole, kama kiatu kipya, kisha ikawa inatoa sauti kila ilipojivuta. Inzi wakaja. Mbwa wa jirani wakaja, kisha mbwa ambao sikuwajua. Mwendesha bodaboda mmoja alipunguza mwendo langoni.

"Mzee, hii gari imechinjwa ama iko hai?"

"Nenda zako."

"Mnipimie kilo mbili, ya paja!"

Binti yangu alifika Jumamosi asubuhi, vumbi hadi kwenye nyusi. Alisimama langoni. Mbwa wakampisha.

"Ni nini hii?"

"Ngozi."

"Naona ni ngozi."

"Malori ya Moyale yalikuwa..."

"Baba. Karatasi iko wapi?"

"Iko ndani. Iko salama."

"Karatasi iko salama," akasema. Hakupaza sauti. Alikwenda akaishika ngozi, akajaribu kuinua pindo. Ilikuwa ngumu kama ubao. Nikamwambia tukiingiza kisu tutakwaruza. Akatazama saa, akanitazama, akaingia ndani akatoka amebeba kofia ya chuma.

"Panda," akasema.

Tulipita katikati ya Bulla Pesa tukiwa na msafara wa mbwa nyuma yetu. Yeye alishika usukani. Mimi nilisema mengi, na siyakumbuki.

Uwandani walikuwa wamefunga kamba ya kuzuia watu. Vijana walipotuona walikuja mbio na simu zao.

"Wasee, cheki ndai iko na manyoya!"

"Hiyo si gari, hiyo ni ndama. Mama yake ako wapi?"

"Usipige honi, italia mbuu!"

Binti yangu akavaa kofia. Nadhani aliivaa mapema kuliko ilivyohitajika.

Mashindano yalisimama kidogo kwa sababu ngamia walikuwa wakivuka njia, na mchungaji wao hakuona sababu ya kuwaharakisha. "Nyinyi mnazunguka tu mnarudi hapa hapa," aliwaambia waliokuwa wakimpungia bendera. "Hawa wanaenda mahali." Kisha njia ikawa wazi, na zamu ya binti yangu ikafika. Alipangwa na gari jeupe, naye akawa wa nyuma.

Walitoka. Changarawe iliruka kutoka kwenye magurudumu ya lile jeupe kama mahindi yanayopepetwa. Na nikasikia ngozi ikipokea: pup, pup, pup. Hakuna tik. Hakuna hata tik moja. Walipopita mbele yetu mara ya kwanza niliinua mikono yote miwili nikapiga kelele, mtu mzima, mzee wa kanisa. Mara ya pili alikuwa amelisogelea lile jeupe kiasi kwamba vumbi lao lilikuwa moja. Vijana waliokuwa wakimcheka walikuwa sasa wanamshangilia. Niliona anaweza kulipita. Watu wote waliona.

Mara ya tatu kamba ya chini ilikatika.

Ngozi ilikuwa imejivuta usiku kucha na asubuhi yote, na kamba haikuweza tena. Kipande cha chini kikainuka, upepo ukakisukuma ndani, kikaziba mahali pa kupitisha hewa. Niliona mvuke kabla yeye hajaona mshale wa joto. Gari likapunguza mwendo, likatoka njiani, likasimama peke yake katikati ya uwanda. Lile jeupe likaendelea, likamaliza.

Nilivuka kamba. Mtu alinishika shati, nikalivuta. Nilipofika alikuwa ameshashuka, kofia mkononi, nywele zimelowa jasho. Mchungaji wa ngamia alikuwa amefika kabla yangu akiwa na kisu, na bila kuuliza alikata kamba za pembeni, akashika ngozi kwa mikono miwili, akaivuta.

Ilitoka na rangi.

Si yote. Mahali pengine nyama ya ngozi ilikuwa imeganda kwenye rangi ikaibandua kama ganda la yai. Mahali pengine vumbi na punje za chumvi zilikuwa zimeingia katikati, na kila gari lilipotikisika ngozi ilisugua. Nilijua kazi ile. Ndiyo kazi ya msasa. Nimesugua magari mangapi kwa namna ileile ili kuondoa rangi ya zamani? Pua yote ya boneti na bampa vilikuwa vimerudi kuwa jivu, jivu lilelile ambalo mke wangu alikataa kulipanda.

Binti yangu alipitisha kiganja juu yake.

"Mawe hata hayakufika," akasema.

Ningependa angenitukana. Alimwomba mchungaji maji, akangoja injini ipoe, akatuendesha nyumbani pole pole. Ngozi tuliiacha uwandani. Mbwa walibaki nayo.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Nilifufua meza yangu ya kuchanganyia rangi nyuma ya nyumba. Kila palipopambazuka nilitoka kutafuta mswaki, nikarudi na tawi, nikachanganya. Nilipaka vifuniko vya mikebe nikavipanga ukutani, vikawa safu nzima ya kijani ambacho sicho. Hiki kimezidi manjano. Hiki ni cha uzio wa ofisi ya serikali. Hiki kimekufa. Nilivishika kimoja kimoja kando ya mlango wa gari, nikainamisha kichwa kama alivyokuwa akiinamisha, nikavitupa. Binti yangu alipita akienda kazini na kurudi. Alinisalimia. Aliniwekea chakula. Gari hakuligusa, na ufunguo ulikaa kwenye msumari.

Rafiki yangu wa ngozi alikuja kunitembelea. Habari zilikuwa zimemfikia; mji ni mdogo na ngozi ina harufu.

"Ulisema ya kukalia."

"Nilisema."

"Ungesema ni ya gari! Uliosha chumvi?"

"Kidogo."

"Kidogo. Na gunia?"

"Gunia gani?"

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, akashika ukuta. "Abbo, magunia! Unajaza nyasi kwa gunia, unapanga mbele ya lori, halafu ngozi inakuja juu ya gunia. Ngozi haigusi gari kabisa. Na unaimwagia maji kila mahali unasimama, isikauke. Wewe uliona ngozi kwa sababu iko nje."

Hakusema kwa ubaya. Lakini alipoondoka niliendelea kuyasikia maneno yake. Nilikuwa nimeyaona malori yale kwa miaka, na kila mara niliyaona kutoka barabarani tu. Hata siku moja sikumwambia dereva asimame anionyeshe.

Ni binti yangu aliyekatiza mambo. Jumamosi moja alitoka na spana.

"Baba, hiyo bampa imepinda huku chini. Kabla ya kupaka kitu, itoe tunyooshe."

"Sijapata rangi."

"Sijasema rangi. Nimesema bampa."

Nikapiga magoti. Ili kufikia skrubu za bampa ilibidi kwanza nitoe namba pleti ya mbele. Skrubu zilikuwa na kutu. Nikazitia mafuta, nikangoja, nikazifungua. Pembe moja ya pleti ilikuwa imeliwa na ile chumvi, lakini katikati ilikuwa imeshikana sawasawa na bampa. Nikaitoa.

Chini yake palikuwa na kijani.

Si kijani cha gari. Kilikuwa kimekolea, kibichi, chenye weusi kwa mbali na ung'avu juu yake, kijani cha jani lililoamka na mvua. Kipande cha ukubwa wa pleti. Kando yake, milango na mabawa yote ya juu ya magurudumu niliyokuwa nikiyaosha kila Jumapili yalikuwa yamepauka kama kanga ya zamani. Nilikuwa nikiyatazama kila siku, ndiyo maana sikuwahi kuyaona yakibadilika.

Nikamwita. Alikuja akachuchumaa karibu yangu.

"Hii ndiyo ile," akasema.

"Ile ipi?"

"Ile nilikuwa nakumbuka. Nikirudi kutoka Nairobi niliona gari nikasema, kwani ilikuwa hivi? Nikafikiri ni mimi. Nilikuwa mdogo, nikafikiri mtoto huona vitu vikiwa vizuri zaidi."

 Nilikuwa nimeliweka gari langoni ili lionekane, na jua lilikuwa likilinyonya kila siku ya Mungu. Mabati machache na nguzo nne zingetosha. Nililikinga na mawe, nikaliacha juani. Sina wa kumlaumu. Nilikuwa na mabati hata wakati ule. Yalikuwa nyuma ya choo.

Sasa nilikuwa na kitu cha kufuata ambacho hakinyauki. Nilichanganya mchana kutwa, binti yangu ameshika kifuniko kando ya kile kipande na kutikisa kichwa, bado, bado, bado, na jua lilipoanza kuinama akasema, "Hapo." Hakujua mama yake alisema hivyo hivyo. Nilimwambia baadaye. 

Nilinyoosha bampa, nikasugua jivu, nikapaka. Mikono ilitetemeka, na ukitazama kwa karibu pembeni utaona nilipotetemeka. Rangi ilipokauka vizuri, siku nyingi baadaye, tulichukua ile karatasi. Mimi nikanyunyiza maji ya sabuni, yeye akasukuma kwa mpira. Kiputo kimoja kidogo kiligoma kutoka karibu na taa. Nikataka turudie yote. Akanipiga mkono.

Gari lilitokea uwandani likiwa na uso wa kijani kibichi na mwili uliopauka.

"Fundi, rangi iliisha?" wakaniuliza.

"Iliisha," nikasema.

Binti yangu alipangwa nyuma tena. Nilisimama kwenye kamba, nikatembea nayo hadi mwisho, nikarudi. Niliyasikia mawe yote. Kwenye plastiki yalikuwa na mlio mzito kidogo, lakini katikati yake nilisikia moja, tik, na nikajua limepata mahali ambapo hatukufunika. Alipomaliza alikuwa wa pili kati ya wawili, kwa hiyo wa mwisho, na alishuka akizungumza kabla mlango haujafunguka: kona ya mapipa, gurudumu lilivyoteleza, alivyodhani anapinduka na hakupinduka. Nilimsikiliza hadi akamaliza. Macho yangu yalitaka kwenda kwenye gari nikayakataza, na hiyo haikuwa kazi ndogo.

Ndipo akanionyesha mwenyewe. Uso ulikuwa mzima, plastiki imechubuka. Lakini ukingoni mwa mlango, kwenye kijani kilichopauka, palikuwa na doa dogo la jivu.

"Nitaligusa na brashi tukifika," nikasema.

"Wacha. Jumamosi litakuja lingine."

Mabati nimeyatoa nyuma ya choo. Nimesimamisha nguzo nne karibu na lango, kivuli kizuri, hewa inapita. Mara nyingi hakina kitu chini yake. Gari liko Kinna, liko uwandani, liko sokoni limebeba viazi vya jirani. Mimi huzunguka chini ya mabati yale, kulia, halafu kushoto, na ninaposikia changarawe ikisagwa kwenye kona yetu huenda kufungua lango kabla binti yangu hajapiga honi.